Eti "Kosa la Kuhesabu": Kombe la Jacksonville, 1963

Najua nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Majaribio yalitubana, na umeme wa hosteli nao una mambo yake. Leo sina picha za mahafali wala udaku wa kafeteria. Leo nina hasira, na bora nizitoe hapa kabla hazijanikaba koo.

Chanzo ni ubishi wa vimbweta. Juzi jioni tulikaa pale kama sita hivi, desa zimefunguliwa ila hakuna anayesoma. Jamaa mmoja wa uhandisi, mgonjwa wa mbio za magari, akaanza kutupa stori ya Wendell Scott, yule dereva mweusi wa Marekani aliyeshinda mbio halafu kombe akapewa mwingine. Alisimulia vizuri, sikatai. Tatizo lilikuja mwishoni. Akafunga hivi: "Lakini lilikuwa kosa la kuhesabu tu, na baadaye walirekebisha. Kwa hiyo haki ilitendeka." Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali, kila mtu akarudi kwenye desa lake.

Haki ilitendeka! Tulibishana mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna usalama. Sikumaliza hoja zangu usiku ule, kwa hiyo namalizia hapa. Na wewe kaka mhandisi najua unapita hapa kila Jumapili, kaa vizuri.

Tuanze na stori yenyewe kwa wale ambao hawaijui.

Wendell Scott alizaliwa mwaka 1921 mjini Danville, jimbo la Virginia. Vita vya pili vya dunia alivipigana akiwa fundi wa magari jeshini. Aliporudi akaendesha teksi, akatengeneza magari ya watu, na usiku akasafirisha gongo. Ndiyo, gongo, msishtuke. Mchezo wenyewe una asili hiyo. Kule kusini mwa Marekani wasafirisha gongo walikuwa wanachukua gari la kawaida la dukani, wanaliongezea nguvu injini na kukaza springi, ili polisi akitokea nyuma asiwapate. Baadaye wakaanza kushindana wenyewe kwa wenyewe kujua nani mkali. Mwaka 1948 chama cha NASCAR kikasajiliwa, na mbio za kwanza za magari ya dukani walizozisimamia, Juni 1949 pale Charlotte, aliyefika wa kwanza alinyang'anywa ushindi kwa sababu gari lake lilikuwa na springi za msafirisha gongo. Kwa hiyo mtu asiniambie mchezo huu ulianzishwa na malaika.

Scott alivyoingia ndiyo kichekesho chenyewe. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za pale Danville walitaka dereva mweusi mmoja ili wavutie watazamaji. Hawakujua pa kumpata, wakaenda kuwauliza polisi: nani dereva mkali miongoni mwa weusi? Polisi wakawatajia Scott, manake ndiye waliyekuwa wanamkimbiza kila siku. Siku ya kwanza watazamaji wengine walimzomea. Akapenda mchezo. Akajaribu kuingia mbio za NASCAR kwenye miji mingine, akarudishwa getini kwa sababu ya rangi yake. Akaendelea na viwanja vidogo vilivyomkubali, akashinda huko, akapata leseni ya NASCAR baadaye, na mwaka 1959 akawa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake. Machi 1961 akapanda daraja la juu kabisa, wakati ule likiitwa Grand National.

Sasa mpigieni picha huyo mtu. Hana kampuni ya kumdhamini. Mafundi wake ni wanawe mwenyewe. Matairi ananunua yaliyokwisha tumika, vipuri anaokoteza. Kwenye gari lake, pale ambapo wenzake wanaandika jina la fundi, yeye aliandika kwamba fundi ni mimi. Kuna mbio aliingia pembeni, akashuka kwenye kiti, akarekebisha gari kwa mikono yake, akapanda tena, akaendelea. Watu wenye timu kubwa walikuwa wanapumzika huku wanajaziwa mafuta, yeye yuko chini ya boneti.

Tarehe 1 Desemba 1963 ndiyo siku yetu. Mahali ni Speedway Park, Jacksonville, Florida, uwanja wa vumbi, mizunguko 200. Naomba muiweke tarehe hiyo mahali pake. Siku tisa kabla, Rais Kennedy alikuwa ameuawa Dallas. Septemba ya mwaka huo bomu lilikuwa limeua wasichana wanne weusi kanisani Birmingham. Jacksonville penyewe, Agosti 1960, kundi la wazungu lilikuwa limewashambulia vijana weusi kwa mipini ya mashoka kwa kosa la kukaa kwenye kaunta za chakula za wazungu. Sheria ya haki za raia ilikuwa bado haijapita, ilipita Julai 1964. Na huku kwetu, siku 11 baada ya mbio hizo Kenya ikapandisha bendera yake. Yaani wakati Nairobi wanajiandaa kushusha bendera ya Mwingereza, Jacksonville walikuwa wanaficha bendera ya miraba nyeusi na nyeupe ili isimwangukie Mwafrika.

Mbio zenyewe: Richard Petty, ambaye baadaye aliitwa mfalme wa mchezo huu, alikuwa anaongoza lakini gari lake likaanza kuumwa. Ikiwa imebaki mizunguko 25, Scott akampita na Chevrolet yake ya mwaka 1962, namba 34. Akazidi kuwaacha. Akamaliza mizunguko yake 200. Akaangalia bendera. Bendera haikushuka. Akaendelea kuzunguka. Mzunguko wa 201. Wa 202. Ndipo bendera ikashuka, kwa ajili ya Buck Baker, aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili kamili.

Baker akaitwa mbele, akapewa kombe, picha zikapigwa, mrembo wa kombe akambusu shavuni kama ilivyokuwa desturi. Scott akapinga. Wakapitia karatasi. Saa chache baadaye, watazamaji wameshaondoka, vumbi limetulia, maofisa wakakubali: ni kweli, Scott ndiye mshindi, tena kwa mizunguko miwili. Lilikuwa kosa la kuhesabu. Fedha ya mshindi, dola 1,000, alipata. Kombe halikuwepo tena. Familia yake imesimulia kwamba baadaye alipewa kijikombe cha ubao cha ovyo ovyo. Scott mwenyewe aliamini sababu ilikuwa wazi: hawakutaka umati ule umwone mwanamume mweusi amesimama na kombe na mrembo mzungu anambusu.

Sasa tuje kwenye mada.

Hoja ya kwanza ya kaka mhandisi ni kwamba makosa ya kuhesabu yalikuwa ya kawaida enzi hizo. Hapa nampa haki yake, manake ni kweli. Hesabu zilifanywa kwa mkono, mtu anakaa na karatasi na saa, kila gari likipita anaandika. Magari yanapitana, yanazungukwa, vumbi limejaa, ni rahisi kukosea. Februari 1959, mbio za kwanza kabisa za Daytona 500, Johnny Beauchamp alitangazwa mshindi uwanjani, na siku tatu baadaye, baada ya kuangalia picha na filamu, ushindi ukapewa Lee Petty. Juni ya mwaka huohuo pale Lakewood, Richard Petty alitangazwa mshindi, na baba yake mzazi, huyohuyo Lee, akapinga, zikahesabiwa upya, ushindi ukaenda kwa baba. Kwa hiyo sibishi kwamba kalamu ilikuwa inateleza.

Ila kaka, mfano wako ndio unaokusuta. Lee Petty alisubiri siku tatu. Mkuu wa NASCAR, Bill France, alihangaika kutafuta picha na filamu kutoka kila upande, dunia ikatangaziwa, na tangu siku hiyo hakuna anayeuliza nani alishinda Daytona 1959. Na pale tofauti ilikuwa hatua chache tu kwenye mstari wa mwisho, magari yamekaribiana. Kwa Scott tofauti ilikuwa mizunguko miwili! Mtu anayeongoza kwa mizunguko miwili ndiye gari pekee uwanjani ambalo kila mwenye macho anajua liko wapi. Huwezi ukampoteza. Ni kama kupoteza tembo ndani ya chumba cha hosteli.

Na tuseme basi walimpoteza kweli. Tuwape. Mimi hasira yangu haiko hata kwenye bendera. Iko kwenye yaliyofuata. Kosa la bahati mbaya likigunduliwa, mkosaji anakuwa na haraka kuliko aliyekosewa. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala bila kukusudia, mguu wako unanyanyuka kabla hajalia. Ukiona mtu amekanyagwa, analia, na mguu bado uko pale miaka na miaka, usiniambie tena habari ya bahati mbaya.

Na hapa mguu ulikaa mno. Scott alikimbia mbio 495 za daraja la juu, akamaliza ndani ya kumi bora mara 147, na ushindi wake ulibaki huo mmoja. Mei 1973 akaumia vibaya kwenye ajali kubwa ya Talladega, na mwaka huo ndio alioachia mchezo. Tarehe 23 Desemba 1990 akafariki dunia. Miaka 27 ilikuwa imepita, kombe bado. Mwaka 2010 watu wa Jacksonville waliopenda mchezo huo wakaipa familia nakala ya kombe. Januari 2015 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa la NASCAR, mweusi wa kwanza. Na NASCAR wenyewe walikabidhi kombe kwa familia tarehe 28 Agosti 2021, pale Daytona, siku moja kabla ya tarehe ambayo marehemu angetimiza miaka 100. Kuanzia Desemba 1963 hadi Agosti 2021 ni karibu miaka 58. Lee Petty, siku tatu. Hesabu hiyo nayo wameikosea?

Hoja ya pili ya kaka: "Lakini fedha yake alilipwa." Hii ndiyo iliyonifanya nisimame pale vimbweta. Mnadhani kombe ni bati? Mwanamichezo asiye na mdhamini anahitaji picha moja tu: yeye, gari lake, kombe, watu wanashangilia. Picha hiyo inatoka gazetini kesho yake. Picha hiyo ndiyo unayokwenda nayo kwa mwenye kampuni na kumwambia nidhamini. Ile picha ya Jacksonville ilipigwa, ila aliyekuwemo ni Baker. Baker hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa bingwa wa 1956 na 1957, hakuihitaji hata kidogo. Aliyeihitaji alikuwa amesimama pembeni na mafuta mikononi, anadai karatasi zipitiwe. Dola 1,000 zililipa deni la matairi. Ule wakati wa kushangiliwa haulipwi kwa dola, na ukipita umepita.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa na wengi: "Usichanganye michezo na siasa." Jamani! Nani aliyechanganya? Scott alichanganya petroli na hewa, basi. Waliomrudisha getini kwa sababu ya rangi ndio walioleta siasa uwanjani. Bill France huyohuyo mwaka 1972 alimuunga mkono waziwazi George Wallace kwenye mbio za urais, yule gavana wa Alabama aliyesimama mlangoni mwa chuo kikuu mwaka 1963 kuwazuia wanafunzi weusi wasiingie. Bendera ya waliopigania utumwa ilipepea kwenye viwanja vya NASCAR mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2020. Siasa ilikuwepo tangu getini. Ila ikiwa siasa ya mwenye nguvu inaitwa utaratibu, ya mnyonge ndiyo inaitwa siasa.

Na sasa niwaambie kwa nini haya yananiuma mimi, mtoto wa Kiswahili ambaye hata leseni ya udereva sina.

Kuna dada mmoja tulianza naye mwaka wa kwanza. Jina lake silitaji, idara siitaji, wahusika wanajijua. Matokeo yalipobandikwa, somo moja kwake likaonyesha hakufanya mtihani. Mtu tulikaa naye chumba kimoja cha mtihani, safu moja! Sahihi yake iko kwenye karatasi ya mahudhurio. Akaenda ofisi ya kwanza, akaambiwa nenda ya pili. Ya pili ikamwambia rudi wiki ijayo. Wiki ijayo mhusika yuko safarini. Wakati huo bumu likasimama kwa sababu matokeo yake hayajakamilika. Akaanza kulala mzungu wa nne na rafiki yake, manake hela ya chumba hana. Akapika kwa kujificha. Akapungua mpaka shati likamning'inia.

Baada ya semesta mbili alama zikaonekana. B+. Mnajua aliambiwa nini? Kosa la kuingiza alama. Samahani hakuna, barua hakuna, sentensi moja tu pale dirishani, na dirisha likafungwa. Wenzake tayari wako mbele, yeye anafuata nyuma na watu wasiomjua. Alama zilirudi, mwaka haukurudi.

Kwa hiyo mtu akiniambia "walirekebisha, haki ilitendeka", mimi namwona yule dada dirishani. Alimaliza mizunguko yake 200, akaangalia bendera, akaambiwa endelea kuzunguka. Wangapi hapa kampasi wako kwenye mzunguko wa 202 saa hii, na sisi tunawapita tukielekea kafeteria?

Najua kuna atakayesema nimevuka mipaka, kwamba ubaguzi wa Florida 1963 na uzembe wa ofisi fulani ni vitu viwili. Ni kweli ni vitu viwili. Scott alinyimwa kwa rangi yake, na uzito wa jambo hilo sitaki kuupunguza hata kidogo. Yule dada hakuna aliyemchukia. Kinachofanana ni lile neno tu, "kosa". Neno hilo linafanya kazi ileile kila mahali: linaondoa mtu aliyeshika kalamu na kubakiza kalamu peke yake. Kalamu ikiteleza haina wa kumlaumu. Nani alikuwa anaandika mizunguko ya gari namba 34? Nani aliyeshika bendera? Nani alisema wapigeni picha kwanza, karatasi tutaangalia baadaye? Kosa lina baba yake. Mkilizika bila kumtaja baba, litazaliwa jingine.

Mtu mwingine ataniuliza, sasa ulitaka wafanye nini mwaka 2021, wasitoe kombe? Hapana, walifanya vizuri kulitoa, na nilivyosoma habari ile machozi yalinilenga. Wiki chache baadaye, Oktoba 4, Bubba Wallace akashinda Talladega, dereva mweusi wa kwanza kushinda daraja la juu tangu siku ile ya Jacksonville. Hayo ni mambo ya kufurahia. Ninachokataa ni sherehe kugeuka sabuni. Waliosukuma jambo hili mpaka mwisho ni watoto wa Scott, walewale waliokuwa wanamshikia spana, sasa wamezeeka. Kama wao wangechoka, kombe lisingekuja. Msiite hiyo kuwa ni haki imeshinda. Waliochoka kusubiri ndio walioshinda, na wamepokea kwa niaba ya maiti.

Kwa hiyo kaka mhandisi, nimemaliza. Stori yako uliisimulia vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Ukiisimulia tena, na najua utaisimulia, nakuomba ubadilishe mwisho tu. Usiseme lilikuwa kosa la kuhesabu. Sema walihesabu saa chache wakajua ukweli, halafu wakakaa nao karibu miaka 58.

Na ninyi wengine: matokeo ya semesta hii yanatoka karibuni. Mkiona jina la mwenzenu lina pengo, msimwachie aende dirishani peke yake. Twendeni hata kumi. Yule dada siku zile alienda peke yake, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wanaelekea kafeteria. Hilo nalo nilipaswa kulisema.

Haya, desa linaniita. Wasalaam, tuonane Jumapili.